Kokoto Katika Kiatu cha Mheshimiwa

Kunjueni miguu, maana habari yenyewe ni ya miguu, na mtu hawezi kuisikia vizuri akiwa ameikalia yake.

Kulikuwa na nchi moja. Jina lake nalijua, ila silitaji. Nikilitaja, nchi jirani zitapumua na kusema afadhali si sisi, na mimi sipendi kumpumzisha mtu kabla hajachoka. Ilikuwa nchi nzuri, yenye milima miwili, bendera moja na mawaziri wengi kuliko wilaya.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi yao. Mtu akimkosea mwenzake aliokota kokoto moja, akaitia katika kiatu chake mwenyewe, akatembea nayo. Kokoto ilimchoma, akachechemea. Majirani wakimwona anachechemea hawakumcheka. Walimwuliza, "Umemkosea nani?" Akishasema, mmoja wao aliacha kazi yake, akamshika mkono na kumsindikiza, kwa sababu njia ya kwenda kuomba radhi ni ndefu sana ukiwa peke yako. Huko walikokwenda, aliyekosewa alinung'unika kwanza, maana hiyo ilikuwa haki yake. Kisha alimvua mwenzake kiatu, akaitoa ile kokoto kwa mkono wake, akaitupa barabarani.

Ndiyo sababu barabara za nchi ile zilikuwa nzuri. Watu wanakoseana kila siku, hata wapendanao, kwa hiyo kila siku kokoto zilizosamehewa zilimwagika njiani, na mashimo yalijaa yenyewe. Mvua ilinyesha, mtoto akaenda shule akarudi na viatu visafi. Wageni waliuliza serikali inanunua wapi kokoto zake. Serikali ilikohoa na kujibu kwamba hiyo ni siri ya maendeleo.

*

Katika mtaa mmoja wa mji mkuu aliishi karani kijana aitwaye Kibwana Tunutu. Alikuwa kijana mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele mtalisahau. Mvua ikianza kunyesha sokoni, alikuwa anavua koti lake na kufunika mafungu ya unga ya kina mama, unga ukabaki mkavu, yeye akalowa.

Kibwana alipooa, aliazima sufuria kubwa ya pilau kwa Bi Mwatime, mpishi wa shughuli wa mtaa ule. Sufuria hiyo ilikuwa maarufu. Watu walipanga tarehe za harusi kwa kuitazama iko wapi. Iliambatana na Mkasi, binti aliyekuwa anamwoshea Bi Mwatime vyombo na kulala chumbani mwake kama mwanawe.

Baada ya karamu, wageni wakiwa wameondoka, Kibwana na rafiki zake waliibandika sufuria jikoni wachemshe maji ya kuoga. Wakakaa kupiga soga wakayasahau maji. Maji yalikauka, moto ukaendelea na kazi yake, na walipokumbuka, kitako cha sufuria kilikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Kibwana aliona haya. Badala ya kwenda kusema, aliisukumia sufuria katika shimo la choo cha zamani, akafunika kwa majani ya migomba.

Bi Mwatime alipokuja kuiulizia, Kibwana alikuwa amekusudia kusema kweli. Alifungua kinywa kwa ajili hiyo kabisa. Kilichotoka ni hiki: "Mara ya mwisho nilimwona nayo Mkasi."

Mkasi aliapa kwamba hakuichukua. Bi Mwatime alikuwa na hasira, na sufuria ile ndiyo iliyokuwa riziki yake, basi akamwambia aondoke. Mkasi hakubishana. Aliosha vyombo vyote vilivyobaki, akavifudikiza juu ya kichanja vikauke, akafunga kanga yake kifuani, akaenda zake ng'ambo ya mto.

Jioni Bi Mwatime aliviona vile vyombo vimefudikizwa safu safu, akafikiri: mwizi gani huyu, anayefukuzwa akaacha ameosha vyombo? Hakuwa na hakika. Lakini aliinama, akaokota kokoto, akaitia katika ndala yake, akaifunga kwa kitambaa isidondoke. Alijiambia kwamba kama amemwonea Mkasi, basi na aumie, na kama hakumwonea, basi ataumia bure kidogo, haidhuru.

Kibwana naye alitia ya kwake. Katika nchi ile hata mwongo alitia. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Asubuhi alichechemea kwenda kazini, na jirani akamwuliza kwa upole, "Umemkosea nani, Kibwana?"

"Hakuna," akasema. "Ni viatu vipya vya harusi."

*

Alikusudia kwenda kwa Bi Mwatime Ijumaa. Ijumaa kukawa na mvua. Akasema atakwenda mwisho wa mwezi, ili aende na zawadi. Mwisho wa mwezi akaona zawadi ni ndogo, afadhali asubiri apande cheo aende na sufuria mpya, radhi yenyewe iwe ya heshima. Siku hizo alikuwa ameshaweka pamba kidogo chini ya soksi, kwa muda tu.

Kokoto mwanzoni ilimchoma hadi kwenye meno. Baadaye ikamchoma hadi gotini. Kisha ikawa huko huko chini, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Mwisho ikawa kama mgeni aliyechoka kubisha, akajikalia kizingitini. Chini ya unyayo wa Kibwana ngozi ilikuwa imeanza kuota sugu.

Cheo alikipata. Akatia saini kwamba karavati fulani la kupitishia maji chini ya barabara limejengwa, na halikuwa limejengwa, na mwalimu mmoja akazama hadi kiunoni akiwa na madaftari ya darasa zima. Kibwana alitia kokoto ya pili. Ya pili haikumchoma kama ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ilishaitengenezea mahali. Ya tatu aliitia huku anaongea kwa simu. Baada ya hapo alikuwa anazitia kama mtu anavyotia sukari kwenye chai, akifikiria mambo mengine. Utaratibu wa kutia hakuuacha hata siku moja. Ni ule wa kwenda kutolewa ndio aliouahirisha, na serikali nyingi, nasikia, hupenda sana nusu ya kwanza ya utaratibu.

Mkewe alipokuwa anafua soksi alimwuliza kama haumii. Kibwana akauliza, "Wapi?"

Ikafika siku akawa Waziri wa Barabara.

*

Sikukuu ya taifa ya mwaka ule mawaziri walipita mbele ya Mkuu wa Nchi kwa maandamano. Wote walikuwa na kokoto, na wote wapya wapya katika kazi hiyo, kwa hiyo wote walichechemea. Waziri wa Fedha alichechemea miguu yote miwili, ikawa kama anacheza ngoma. Bendi ya polisi ilihangaika kutafuta mdundo wa kuwafaa. Mwishoni akaja Kibwana Tunutu, amenyooka, anapiga hatua kubwa kubwa, kokoto zinagongana ndani ya viatu vyake kwa sauti ndogo ya kupendeza kama njuga.

Mkuu wa Nchi alitoa leso, akafuta macho, akasogelea kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimetazama viongozi wangu wakipita kama kuku waliofungwa miguu. Mmoja tu amepita amenyooka. Anayechechemea ana kosa, hilo babu zetu walilijua. Basi asiyechechemea hana kosa. Kuanzia leo taifa hili litatembea kama Tunutu."

Watu walipiga makofi. Mzee mmoja nyuma aliuliza taratibu kama huyo Tunutu si ndiye wa lile karavati, lakini alikuwa anachechemea, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza.

Wiki hiyo hiyo ikatoka Sheria ya Mwendo, na Kibwana ndiye aliyeitia saini. Kila mwenye kazi ya umma au leseni alitakiwa atembee juu ya mstari wa chaki mbele ya Mkaguzi wa Mwendo. Akinyooka, anapigwa muhuri. Akichechemea, ananyang'anywa leseni, na Askari wa Mwendo wana ruhusa ya kumpulizia filimbi barabarani.

Matokeo yake mnayaona wenyewe. Aliyekuwa anataka kwenda kuomba radhi hakuweza tena kufika, maana alipuliziwa filimbi njiani kwa sababu ya kuchechemea. Watu wa heshima walibaki majumbani wakisugua nyayo zao kwa mchanga ili ziote sugu haraka. Msemaji wa wizara, Bwana Lugome, alifungua darasa la jioni la kusugua, na nafasi zikajaa. Hakuna jirani aliyethubutu kumwuliza mwenzake, "Umemkosea nani?" Swali hilo sasa lilikuwa ni kuchongea mtu.

Barabara zikaanza kuoza. Mashimo yalizaa mashimo. Wizara iliunda tume, na tume ikaripoti kwamba kuna upungufu wa kokoto usioelezeka. Kwa hiyo wakaagiza kokoto za nje. Zilikuja katika magunia mazuri, zimeng'arishwa, na kwenye kila gunia imeandikwa kwamba hazijawahi kuhusishwa na kosa lolote. Lakini hazikushikana na udongo. Mvua ya kwanza ilizibeba zote na kuzirudisha mpakani.

*

Bi Mwatime aliitwa kwenye mstari wa chaki kama wapishi wengine. Alikuwa mzee sasa. Mkaguzi wa mtaa wake, Bwana Ndaro, alikuwa mtu mpole aliyekuwa ameajiriwa kwa sababu ya mwendo wake. Alimtazama Bi Mwatime akipita, akamrudisha, akamwomba apite tena polepole, kisha akamwomba apite huku akishika ukuta.

"Bi Mwatime," alisema kwa sauti ya chini, "hebu ivue hiyo kokoto dakika moja tu. Mimi nitatazama dirishani."

"Mwanangu, nikiivua nitamsahau."

"Nani?"

"Binti niliyemfukuza. Sijui kama nilimwonea. Nikimsahau sitajua kamwe."

Bwana Ndaro alimletea kigoda na chai ya tangawizi, akamtilia sukari vijiko vitatu. Kisha akampigia muhuri wa kukataliwa. Muhuri ulitoka vizuri. Kuanzia siku hiyo Bi Mwatime hakuruhusiwa kupika katika shughuli yoyote, na masufuria yake yakaanza kuwekewa mbegu za maharage.

Alichotaka ni kimoja tu kabla hajafa: ajue kweli ya ile sufuria, ili awe na jambo la kumwambia Mkasi. Kuvuka mto na kusema "labda nilikuonea" aliona ni kumkosea mara ya pili.

*

Sasa serikali ilijenga barabara mpya, ikapita mbele ya nyumba ya Bi Mwatime. Ilikuwa nzuri sana kwenye picha. Siku ya uzinduzi walitandika zulia jekundu juu yake, refu, kwa sababu chini ya zulia mambo hayakuwa tayari. Kibwana Tunutu alishuka garini, akalikanyaga zulia, na hatua ya tatu alikanyaga msumari uliosahauliwa na mafundi. Ulipita soli, ukapita soksi, ukaingia mguuni hadi kichwa cha msumari.

Waziri aliendelea kutembea amenyooka. Damu ilitoka, ila zulia lilikuwa jekundu, na waandishi wa habari waliandika kwamba rangi yake ilizidi kuiva kadiri mheshimiwa alivyosonga mbele. Alihutubia kwa muda mrefu. Alisema barabara ni mishipa ya damu ya taifa. Bwana Lugome aliona kitu kinachuruzika kutoka kiatuni, akaagiza maua yasogezwe karibu.

Bi Mwatime alikuwa amesimama mlangoni kwake, penye mwisho wa zulia. Kibwana alipokanyaga udongo, mama yule aliona nyayo nyekundu zinamfuata. Watu wote walikuwa wanapunga bendera. Yeye akachechemea hadi mbele yake.

"Mheshimiwa," akasema, "unavuja damu."

Kibwana alitazama chini. Alizitazama zile nyayo kama mtu anayetazama mali ya mwenzake.

"Damu ya nani?" akauliza.

Hakuwa anafanya mzaha. Aliuinua mguu, akauona msumari, akaukanyaga tena kwa makusudi, kwa nguvu, akasubiri. Hakuna kitu kilichokuja. Hapo uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Kibwana Tunutu aliogopa, na woga wenyewe ulikuwa wa kutosikia maumivu, na huo ni woga mbaya kuliko wote niliowahi kuusikia.

Lugome aliamuru gari lije. Gari lilikuja, likaingia katika shimo la barabara mpya, likabaki humo limeinua matako juu. Ikabidi mheshimiwa aingie kwa Bi Mwatime akasubiri.

*

Bi Mwatime hakumwuliza mambo ya wizara. Aliteleka maji, akayamimina katika beseni, akatia chumvi, akapiga magoti na kumvua viatu. Lugome alisimama mlangoni na leso puani, akisema harufu hiyo ni ya mfereji wa jirani.

Sugu ya miguu ile ilikuwa nene kama soli ya tairi. Baada ya kuung'oa msumari, alichukua jiwe la kusugulia miguu akaanza kusugua, na kokoto zikaanza kuonekana, zimejipanga ndani ya ngozi kama mbegu ndani ya tikiti. Aliziopoa moja moja kwa ncha ya kijiko, na kila aliyoiopoa alimwuliza ni ya nani. Kibwana hakukumbuka. Alisema labda ya mwalimu, labda ya daraja. Bi Mwatime alizipanga kwenye sahani bila kuzitupa. Hazikuwa zake kuzitupa. Alimwambia mheshimiwa azichukue atakapotoka, pengine huko njiani zitamkumbusha wenyewe ni akina nani.

Alipokuwa anasugua alizungumza, kama wanawake wanavyozungumza na mtu waliyemshika mguu. Alisema ana furaha kumsaidia, maana anamkumbuka tangu zamani. "Wewe ndiye uliyekuwa unafunika unga wangu kwa koti lako," akasema. "Nilikuwa nawaambia wenzangu, kijana yule mama yake amelea." Kisha akamwambia na habari za Mkasi, na kwa nini yeye mwenyewe anachechemea, na kwa nini hapiki tena. Hakumlaumu yeyote, hata yeye aliyesema alimwona nayo Mkasi. Alisema tu angependa kujua.

Hapo jiwe likafika chini kabisa, kwenye kokoto ndogo nyeusi kuliko zote. Lilipoigusa, Kibwana aliruka.

"Uu," akasema.

"Inauma?"

"Inauma."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwatime, na machozi yakamtoka kwa furaha. "Basi mguu haujafa."

Lakini Kibwana alikuwa haangalii mguu wake. Alikuwa anaiangalia ndala ya yule mama, na kitambaa kilichoifunga kokoto, kilichochanika na kushonwa mara nyingi. Lugome, ambaye alijua dalili za hatari kwa kiongozi, alikohoa. Akamnong'oneza kwamba kuna mstari wa chaki kila Jumatatu hata kwa mawaziri, na mtu aliyeanza kusikia maumivu afikirie familia yake. Akasema kama kuna tatizo la sufuria, wizara inaweza kutoa tamko kwamba sufuria ilijiondokea yenyewe.

Kibwana alimgeukia Bi Mwatime. Kisha akasema, "Mkasi hakuchukua kitu. Niliitoboa mimi. Niliitupa katika shimo la choo, nikamsingizia."

Jiwe lilisimama mkononi mwa Bi Mwatime. Hakupaza sauti. Aliutazama mlango, kama mtu anayemwona Mkasi akitoka na kanga imefungwa kifuani. Hata Lugome akasahau kushika pua.

Kisha aliuchukua mguu wa pili akauosha, kwa sababu maji yalikuwa bado ya moto na si vizuri kuyapoteza. Alipomaliza akaifuta miguu yote miwili kwa taulo, akaufunga ule uliojeruhiwa kitambaa safi.

"Hii nyeusi siitoi," akasema. "Mimi uliniharibia sufuria. Yule ulimharibia jina lake. Vaa viatu twende."

*

Kibwana Tunutu alitoka nje anachechemea. Umati ulikuwa bado upo, unasukuma gari. Bendera zilishuka moja moja. Askari wawili wa Mwendo walimpigia saluti, kisha wakatazamana, kisha wakampulizia filimbi.

"Samahani, mheshimiwa," mmoja akasema. "Saini ni ya kwako mwenyewe."

Jioni redio ilitangaza kwamba ameacha uwaziri kwa sababu za kiafya, na kwamba Bwana Lugome, ambaye mwendo wake haujawahi kutiliwa shaka, anakaimu. Hospitali walimtibu mguu. Vidole viwili viliharibika, wakavikata, na nasikia alilia sana walipovikata, na muuguzi aliyemshika mkono alishangaa mbona mzee huyu analia huku anashukuru.

Alipoweza kusimama alikwenda kwa Bi Mwatime akiwa na fimbo, na sahani ya kokoto ndani ya mfuko. Wakaondoka pamoja kwenda ng'ambo ya mto, wawili wanachechemea, tope hadi vifundoni. Walikuwa hawajafika mbali waliposikia mtu anawaita. Alikuwa Bwana Ndaro, Mkaguzi wa Mwendo. Walidhani amekuja kupuliza filimbi. Yeye alimshika Bi Mwatime mkono, akasema tu, "Njia ni ndefu," akatembea nao.

Mkasi alikuwa na nyumba yake huko, na jiko lake, na masufuria yake mwenyewe yanayong'aa. Alikuwa ametoka kupika shughuli ya watu, vyombo vimejaa uani. Aliwaona wanakuja, akasimama na mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa sababu alikuwa na adabu hata akiwa na uchungu. "Na hawa?"

Kibwana alisema mwenyewe. Safari hii kinywa kilipofunguka, kweli ndiyo iliyotoka, kuanzia maji ya kuoga hadi majani ya migomba. Mkasi alimsikiliza hadi mwisho, lakini alipojibu hakumjibu yeye.

"Huyu simshangai," akasema. "Alikuwa mtu wa siku moja. Wewe mama nililala chumbani mwako miaka yote. Ulimwaminije yeye ukaniacha mimi?"

Bi Mwatime hakujitetea. "Nilipenda sufuria yangu kuliko neno lako," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nimetembea na kosa hilo."

Mkasi alinung'unika, na alinung'unika vya kutosha, na hakuna aliyemkatiza. Kisha akapiga magoti, akakifungua kile kitambaa polepole, akaitoa kokoto ya mama yake. Ilikuwa imekuwa laini kama punje ya kunde. Aliifumbata kwanza, halafu akamwegemea mzee begani, wakakaa hivyo.

Kibwana alingoja na kiatu chake mkononi. Mkasi alipomgeukia, alimtazama, akazitazama sahani, sinia na masufuria ya uani.

"Yako nitaitoa," akasema. "Osha kwanza vyombo."

Aliyekuwa Waziri wa Barabara alikunja mikono ya shati. Alikuwa hajui kuosha. Alivunja bakuli, akasugua sinia upande mmoja akasahau wa pili, akarudishwa mara kadhaa na Mkasi, aliyekuwa anapita nyuma yake akikagua kwa kidole. Jua lilipogeuka vilikuwa vimekwisha. Akavifudikiza juu ya kichanja, safu safu, vikauke. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mkasi aliona, akageuza uso, kisha akaja akamvua kiatu.

Kokoto nyeusi ilitoka kwa shida. Kibwana alipiga ukelele ambao mbuzi wa jirani waliusikia. Mkasi akatoka na zile kokoto mbili hadi barabarani, mbele ya mlango wake, palipokuwa na shimo la kuogea nyati, akazitupa humo. Zilitoa sauti ndogo, zikazama katika tope.

Alisimama mkono kiunoni, akatazama lile shimo.

"Mbili tu?" akasema.

Kibwana alipapasa mfuko wake, akasema anazo nyingine, lakini hizo zina wenyewe, na ataanza na mwalimu. Hapo Bwana Ndaro, ambaye mwendo wake ulikuwa umenyooka kuliko wa mtu yeyote katika mtaa, alikohoa. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya Bi Mwatime, akaanza kufungua kamba za kiatu chake mwenyewe.

Haya, inukeni sasa, nami nikaangalie jikoni. Ila kabla hamjavaa viatu vyenu, vikung'uteni kwanza.